Nyufa kwenye weldi za chesisi ya trela: uchovu wa chuma tunaupigiaje hesabu wakati mzigo unarukaruka?

Trela_Pwani:

Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada wa wenye uelewa wa uchovu wa chuma maana hapa karakana tumebishana mpaka basi. Tunaunda semi-trela za ekseli tatu, nyingi zinabeba mzigo wa Tunduma na kuvuka kwenda Zambia na Lubumbashi. Bimu kuu ni mbili, umbo la I, tunazichomelea wenyewe kwa pleti, flenji (pleti za juu na chini) milimita 16, webu (pleti ya wima katikati) milimita 8, chuma S355.

Shida yenyewe: trela zinarudi na nyufa, na karibu zote zinapasuka sehemu ileile, flenji ya chini ya bimu, pale inapoishia weldi ya breketi ya mtungi wa upepo. Breketi ina urefu wa milimita 200 kufuata bimu, imechomelewa kuizunguka yote. Ufa unaanzia kwenye ncha ya weldi, unakata flenji kwa upana, halafu unapanda kwenye webu. Mtungi wenyewe hauna uzito wa maana, ndio kinachotuchanganya, sehemu zinazobeba mzigo kweli kama mabano ya springi na kingipini (pini ya kuunganisha trela na kichwa) ziko salama kabisa.

Hesabu tuliyofanya kwenye kubuni ni ile ya kawaida, tani 28 juu ya trela, tukazidisha kwa mbili kwa ajili ya mtikisiko wa barabara, stresi kubwa (nguvu kwa kila eneo la chuma, kwa megapaskali, MPa) ikatoka kama MPa 180, S355 inaanza kupinda jumla ikifika 355, kwahiyo kwenye karatasi tuko salama karibu mara mbili. Na bado inapasuka kabla ya mwaka.

Tukakodi loga (kifaa cha kurekodi vipimo), tukabandika streini geji (vihisi vya kupima chuma kinavyovutika), tukaiacha trela iende Tunduma na mzigo na kurudi tupu. Sasa tuna faili kubwa sana na mstari unaruka juu chini bila mpangilio, hakuna wimbi linalofanana na jingine. Vitabu tulivyosoma chuo vina mzunguko mmoja safi unaojirudia, hapa hakuna kitu kama hicho. Tunaanzia wapi? Bosi anataka tuhamie S700, chuma chenye nguvu zaidi, ndio imalize ubishi, fundi mkuu anataka tuweke pleti ya kuongezea nguvu chini ya flenji. Mimi nataka namba kwanza kabla hatujanunua chochote.

---

Neema_Miundo:

Kaka umefanya la maana kupima kabla ya kununua, wengi hawafanyi hivyo. Naandika kirefu kidogo, vumilia.

Kwanza achana na stresi kubwa kugawanywa na 355. Hiyo inajibu swali la trela kupinda, na trela yako haipindi, inapasuka taratibu. Kwenye uchovu wa chuma kinachoua ni upana wa stresi, yaani tofauti ya kilele na bonde, na mara ngapi upana huo umejirudia. Na kwenye weldi hata wastani wa stresi hauna maana sana, kwa sababu weldi ikipoa inasinyaa na kuvuta chuma cha pembeni, hivyo pale kwenye ncha ya weldi kunabaki stresi ya mvuto inayoweza kukaribia kiwango cha kupinda chenyewe hata kama trela imepaki haina kitu. Kwahiyo ukitoka 0 kwenda 80 au ukitoka -40 kwenda +40, chuma cha pale kinaona kitu kimoja, 80.

Sasa breketi yako. IIW, ile taasisi ya kimataifa ya weldingi, wana jedwali la maungio na kila ungio lina namba yake ya FAT. Kipande kilichochomelewa juu ya flenji kikiwa kirefu kufuata mwelekeo wa stresi kinapewa namba kulingana na urefu wake: chini ya milimita 50 ni FAT 80, mpaka 150 ni 71, mpaka 300 ni 63, zaidi ya hapo 50. Ya kwako ya 200 ni FAT 63. Maana yake ukiipiga upana wa MPa 63 usiobadilika mara 2,000,000, uwezekano wa kuwa bado haijapasuka ni 97.7%. Ona kwamba jedwali haliulizi kabisa breketi inabeba kilo ngapi. Inaweza isibebe kitu na bado ikaharibu flenji, kwa sababu stresi inayopita kwenye flenji inakutana na ugumu wa ghafla pale breketi inapoanzia na pale inapoishia, inajikusanya hapo, na hapohapo ndipo weldi ina kona kali na vijikasoro vyake vidogo.

Kutoka FAT unapata maisha kwa upana wowote, N = 2,000,000 × (63 ÷ upana) halafu hiyo ya kwenye mabano unaipandisha kipeo cha 3. Hicho kipeo cha 3 kishike sana, ukipunguza stresi nusu maisha yanaongezeka mara nane.

Kuhusu mstari unaorukaruka, hapo unatumia njia ya reinflo (rainflow, mtiririko wa mvua). Waliitoa Wajapani wawili, Matsuishi na Endo, 1968, wakauchora mchoro wa stresi wakausimamisha wima wakawaza mvua inavyotiririka kwenye mapaa ya pagoda, kila tone linatiririka mpaka lizuiwe. Kazi yake ni kutoa mizunguko iliyofungwa ndani ya fujo. Wengi wakipata data wanachukua tofauti ya kila kilele na bonde linalofuata, na hapo wanajidanganya. Angalia hii: stresi inatoka 0 inapanda 100, inashuka 40, inapanda 80, inashuka -20. Ukihesabu kipande kwa kipande una nusu mizunguko minne, upana 100, 60, 40 na 100. Reinflo inakwambia hapana, ile 40 kwenda 80 ni kamzunguko kadogo kamefungwa katikati, katoe kahesabike peke yake, kinachobaki ni mshuko mmoja mkubwa kutoka 100 mpaka -20, upana wa 120. Ukipandisha kipeo cha tatu na kujumlisha, hesabu ya kipande kwa kipande inakupa uharibifu pungufu kwa karibu moja ya tano, kwenye mstari mfupi namna hii. Kwenye faili la siku nzima ambalo mawimbi madogo yamepanda juu ya makubwa kila mahali, pengo linaweza kuwa kubwa kuliko hapo. Huna haja ya kuandika programu mwenyewe, Python ina vifurushi vya bure vya reinflo, na utaratibu umeandikwa kwenye kiwango cha ASTM E1049.

Baada ya hapo unapata jedwali, upana huu mara kadhaa, upana ule mara kadhaa. Kwa kila mstari gawanya mara ulizohesabu kwa N yake, jumlisha zote. Hiyo ni kanuni ya Palmgren na Miner, Palmgren 1924 alikuwa anashughulika na beringi, Miner 1945 akaileta kwenye ndege. Jumla ikifika 1 kwa nadharia umemaliza maisha.

Weka basi namba zako tukae nazo.

---

Gari_Kubwa_TZ:

Mimi dereva sio injinia ila niseme ukweli, tatizo ni overload, matajiri wanajaza mzigo halafu trela ikipasuka wanalaumu fundi. Sheria ya Afrika Mashariki inasema tani 56 jumla na ekseli tatu za trela zibebe 24, fuateni hiyo muone kama itapasuka. Na barabara za diversheni vumbi tupu mashimo tupu, shimo moja likikupiga na mzigo unasikia kabisa chesisi imelia.

---

Neema_Miundo:

Kaka dereva una hoja na naomba niiwekee namba. Kwa kipeo cha 3, ukizidisha mzigo 10% uharibifu unapanda 33%, ukizidisha 20% unapanda 73%. Kwahiyo overload inakula maisha ya trela kwa kasi kuliko inavyoongeza hela ya safari.

Ila kuhusu lile shimo moja kubwa, naomba tuangalie kwa karibu maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea kulenga. Nachukua namba za mfano tu, sio za kwenye faili la mwenye mada, tuseme kwa kila kilomita 1,000 reinflo imetoa upana wa MPa 160 mara 20, upana wa 120 mara 150, upana wa 80 mara 2,000, upana wa 40 mara 20,000 na upana wa 20 mara 150,000. Kwa FAT 63 ile ya 160 inaweza kustahimili mara 122,000 hivi, sasa 20 gawanya 122,000 ni 0.00016. Ya 120 inatoa 0.00052. Ya 80 inatoa 0.00205. Ya 40 inatoa 0.00256. Ya 20 iko chini ya pale mstari wa upana na maisha unapokunjika, yaani kwenye mizunguko milioni 10, kuanzia hapo kipeo kinakuwa 5 badala ya 3, inatoa kama 0.0007. Jumla ni 0.006 kwa kila kilomita 1,000.

Umeona nani kaua? Yale mapigo makubwa ya 160 yamechangia chini ya 3% ya uharibifu wote. Zile 80 na 40 kwa pamoja ni zaidi ya robo tatu. Dereva anakumbuka shimo kwa sababu lilimrusha kwenye kiti, lakini bimu inaliwa na mtikisiko wa kawaida wa masaa yote ya lami ambao hakuna anayeukumbuka.

Na usije ukafuta mawimbi madogo kwenye faili kwa kisingizio kwamba yako chini ya kikomo cha uchovu, ile stresi ambayo chini yake chuma kinasemekana hakichoki. Kile kikomo ni cha mzigo usiobadilika maabara. Mzigo ukiwa wa kurukaruka, yale makubwa yanakuza ufa, ufa ukishakua hata wimbi dogo ambalo mwanzo halikuwa na nguvu linaanza kula. Ndio maana mstari unakunjwa kwenda kipeo cha 5 badala ya kulazwa.

0.006 kwa kilomita 1,000 maana yake 1 inafika kwenye kilomita 166,000. Lakini usisubiri 1. IIW kwa mzigo wa kubadilikabadilika wanashauri uishie 0.5, na kama wastani wa stresi nao unahamahama sana wanashuka mpaka 0.2. Trela yako inaenda imejaa inarudi tupu, wastani unahama kila safari, kwahiyo hata 0.5 mimi ningeiangalia kwa wasiwasi. Kwa 0.5 ni kilomita 83,000. Trela ya masafa marefu inazimaliza hizo ndani ya mwaka. Namba ni za mfano lakini unaona jinsi "salama mara mbili" na "inapasuka kabla ya mwaka" zinavyoweza kuwa kweli zote kwa trela moja.

---

Mzee_wa_Rodi:

Wanangu salaam. Mimi nimechomelea miaka mingi, hesabu zenu nazifuata kwa mbali ila naona binti anasema kweli, maana hata sisi tulikuwa tunaona kitu kidogo kisicho na kazi ndio kinapasua bimu kubwa. Kifuniko cha waya wa taa, sikio la kufungia turubai, mtu anakichomea kwenye flenji ya chini kwa sababu ndipo mkono unafika, baada ya muda unakuta ufa.

Hiyo pleti ya kuongezea nguvu mimi siiungi mkono. Ukiweka kiraka chini ya flenji pale katikati unaona pamekuwa pagumu, lakini kiraka kina mwisho, na mwishoni pale umechomelea kukatiza flenji, ufa unahama kutoka kwenye breketi unakwenda kwenye ncha ya kiraka. Nimeona viraka juu ya viraka mpaka chesisi imekuwa nzito na bado inapasuka.

Kama trela ishapasuka usipige rodi juu ya ufa ukaondoka. Kwanza ondoa hiyo breketi yote. Safisha mpaka chuma cheupe, tafuta ufa umeishia wapi kweli kwa ile dawa nyekundu ya kupuliza na poda nyeupe, maana macho yanakuonyesha nusu tu. Toboa tundu dogo mbele ya ncha ili usikimbie wakati unafanya kazi, halafu chimba ufa wote kwa grainda mpaka uishe, upulize dawa tena uhakikishe. Rodi ni 7018 kavu iliyotoka kwenye oveni, sio iliyokaa wazi msimu mzima wa mvua, rodi yenye unyevu inaingiza haidrojeni na unajitengenezea ufa mwingine. Pasha moto kidogo kabla. Jaza, halafu saga weldi iwe sawa kabisa na uso wa flenji, na misago ifuate urefu wa bimu, ukisaga kukatiza unaacha mikwaruzo na kila mkwaruzo ni mwanzo wa ufa.

---

Trela_Pwani:

Shikamoo mzee, nashukuru sana, hii ya mwisho wa kiraka naipeleka kwa fundi mkuu leo leo.

Dada Neema, tumeendesha reinflo kwa ile data ya safari ya kwenda na sura ni ileile uliyosema, kundi la katikati ndio linabeba uharibifu karibu wote. Nina maswali mawili. Geji moja tumeibandika karibu kabisa na ncha ya weldi, kama milimita 6, nyingine iko mbali kwenye flenji tupu. Ile ya karibu inasoma juu zaidi, kwa FAT 63 inatoa maisha mafupi ambayo hayaendani na yanayotokea barabarani, trela ingekuwa imepasuka mapema zaidi ya hapo. Nitumie ipi? La pili, S700 ndio tuitupe kabisa?

---

Neema_Miundo:

FAT 63 ni ya stresi ya kawaida, ile inayopita kwenye flenji kabla ya kusumbuliwa na breketi. Mkusanyiko wa stresi unaosababishwa na breketi tayari umo ndani ya hiyo 63, ndio maana imeshushwa. Ukichukua geji ya karibu, ambayo yenyewe inausoma mkusanyiko huo, ukaiweka kwenye 63, umeuhesabu mara mbili. Kwahiyo geji ya mbali iende na 63.

Geji ya karibu ina kazi yake pia, ila na njia yake. Inaitwa stresi ya sehemu moto, unabandika geji mbili mbele ya ncha ya weldi, moja kwa umbali wa 0.4 ya unene na nyingine kwa umbali wa unene mzima, kwa flenji yako ya 16 ni milimita 6.4 na 16. Unachukua 1.67 mara ya karibu ukitoa 0.67 mara ya mbali, unapata stresi kwenye ncha yenyewe bila ile kona kali ya weldi. Hiyo unaiweka kwenye FAT 100 kwa ungio lisilobeba mzigo kama breketi yako, au 90 kama weldi inabeba mzigo. Mkizifanya njia zote mbili na majibu yakakaribiana mtalala usingizi.

Angalieni pia kasi ya loga. Chesisi inapanda na kushuka kwenye springi mara 2 au 3 kwa sekunde, ekseli inaruka mara 10 mpaka 15, na fremu yenyewe ina mitetemo yake juu ya hapo. Kama loga inachukua sampuli 50 kwa sekunde, vilele vinakatwa vichwa, na kilele kikikatwa 10% umepoteza zaidi ya robo ya uharibifu wake. Mimi naweka 500 kwa sekunde. Na jua likipanda geji inahama sifuri yake taratibu, ondoeni huo mhamo kabla ya kuhesabu.

Kingine, msihesabu faili la kwenda peke yake na la kurudi peke yake halafu mkajumlisha. Kuna mzunguko mkubwa wa kupakia na kushusha, kutoka trela tupu mpaka kilele cha juu kabisa ikiwa imejaa, na huo unaonekana tu ukiyaunganisha mafaili yakawa mstari mmoja. Kwa safari ndefu kama yenu mchango wake ni mdogo, unatokea mara moja kwa kilomita nyingi. Kwa tipa ya kokoto inayopakia na kumwaga kutwa nzima huwezi kuupuuza.

S700, kwa tatizo hili, itupe. Kwenye weldi ambayo haijasagwa ufa una pa kuanzia tangu siku ya kwanza, vile vijikasoro vya ncha, kwahiyo maisha yote ni ya ufa kukua, na ufa unakua kwa kasi karibu ileile kwenye S355 na S700. FAT ni 63 kwa zote mbili. Na ukinunua S700 utashawishika kupunguza unene ili trela iwe nyepesi, stresi inapanda, maisha yanashuka kwa kipeo cha tatu. Utakuwa umelipa zaidi upasukiwe mapema.

---

Winchi_Mombasa:

Sasa wadau, mimi niko Mombasa kwa upande wa kreni, nimefuata hii mada nikaona niongeze. Kuna watu watakuambia usijisumbue na reinflo, chukua wigo wa frikwensi wa stresi (mtetemo ukigawanywa kwa kasi zake), piga fomula ya Dirlik ya 1985 upate uharibifu moja kwa moja. Hiyo kitu ni nzuri na inatumika sana kwa majukwaa ya baharini, kwa sababu bahari katika hali moja ya mawimbi inakaa vilevile kwa masaa na stresi zake zinafuata mgawanyo wa Gauss, ule wa umbo la kengele. Lakini barabara haiko hivyo. Dakika hii uko kwa lami, dakika hii uko kwa tuta, saa hii unapanda Kitonga polepole, kisha diversheni ya vumbi. Ukiweka hizo zote kwa wigo mmoja unapata wastani wa barabara ambayo haipo, na vilele virefu vinapotea. Kwa trela kaa na reinflo.

Kama unataka kuokoa muda, gawa njia kwa vipande, lami nzuri, lami mbovu, matuta, vumbi, imejaa, tupu. Pata uharibifu kwa kilomita wa kila kipande. Baadaye mteja akikuambia trela inaenda machimboni Kolwezi badala ya Tunduma, unabadilisha tu kilomita za kila aina, haupimi upya yote.

Na kuhusu hiyo breketi, bosi akiuliza kwani kitu kidogo hivyo kinaweza kufanya nini, mwambie kuhusu Alexander L. Kielland. Hilo lilikuwa jukwaa la Norwe kwa Bahari ya Kaskazini, lilipinduka 27 Machi 1980, kati ya watu 212 waliokuwa ndani 123 walikufa. Uchunguzi ulifika kwa kipande kidogo cha kushikilia kifaa cha kusikiliza sauti majini, kilichomelewa kwa bomba moja la muundo kwa weldi ya filleti (weldi ya kujaza kona) ya milimita 6 tu. Weldi hiyo ilikuwa mbovu, na walikuta rangi ndani ya ufa, maana yake sehemu ya ufa ilikuwepo tangu kiwandani kabla hakijapakwa rangi. Mawimbi yakaukuza mpaka bomba likakatika, mengine yakafuata, mguu mmoja ukaondoka. Waliobuni walihesabu mabomba makubwa kwa makini, kile kipande hawakukiona kama sehemu ya muundo. Mimi tangu nisome hiyo ripoti kila mtu akija na "tunachomelea tu kasikio hapa" namuuliza kwanza stresi ya hapo ni ngapi.

---

Trela_Pwani:

Hii ya Kielland imenigusa, nimeisoma mara mbili. Kwahiyo kwa trela mpya tufanye nini, tuhamishe breketi au tusage weldi? Na zile ambazo ziko barabarani tayari hazijapasuka?

---

Neema_Miundo:

Kuhamisha, bila kufikiria mara mbili. Ipelekeni kwenye webu karibu na katikati ya kimo cha bimu, hapo stresi ya kupinda iko karibu na sifuri. Hata mkishindwa kufika katikati, mkaiweka mahali ambapo upana ni nusu ya ule wa flenji, mmepata mara nane kwa mfano tuliohesabu, na zaidi kwa mawimbi madogo. Haina gharama yoyote, ni mchoro tu unabadilika. Bora zaidi ifungwe kwa bolti kwenye webu hapohapo, ila tundu litobolewe kwa drili, lisikatwe kwa gesi.

Kusaga ncha ya weldi kunasaidia pale ambapo kitu hakiwezi kuhama, kama mabano ya springi. IIW wanakubali stresi ipandishwe mara 1.3, kwa kipeo cha 3 ni maisha mara 2.2. Lakini isagwe kwa kijiwe kidogo cha mviringo, uingie nusu milimita chini ya mkato wowote unaoonekana, sio kupitisha diski ya grainda juujuu ili ing'ae. Na inafanya kazi kama ufa unaanzia kwenye ncha. Weldi ya filleti inayobeba mzigo inaweza kupasuka kutokea ndani, kwenye mzizi, huko ni FAT 36 na hakuna kusaga kwa nje kutakakokusaidia, hapo dawa ni kuchomelea kwa kupenya kote.

Za barabarani ambazo hazijapasuka, kateni breketi kwa kuacha milimita chache juu ya flenji, msikate kwa gesi mkagusa flenji yenyewe, halafu sageni kilichobaki mpaka sawa kama mzee alivyoeleza, pulizieni dawa. Kama hakuna ufa mmeondoa ungio lote la FAT 63.

---

Mzee_wa_Rodi:

Na mkishasaga pakeni hapo rangi nyeupe nyembamba, sio lami nyeusi ile ya chesisi. Ufa ukianza unatoa vumbi la kutu, kwenye nyeupe kijana wa kuosha magari anauona, kwenye lami hauonekani mpaka flenji imeachana.

---

Trela_Pwani:

Tumeanza na trela mbili zilizopo yadi, breketi zimekatwa, moja imekutwa na ufa wa urefu wa kucha ambao kwa macho hatukuwa tumeuona kabisa, mzee alisema kweli kuhusu ile dawa. Trela moja tunaifunga geji mbili kwa vipimo vya 6.4 na 16 kwenye mabano ya springi kabla haijapakia, loga imewekwa 500. Ikirudi nitaweka jedwali la reinflo hapa tulipitie pamoja.